Shimo la Jenereta, Kanyakine

Vijana wa taa na sauti wameniomba niandike. Nimekataa mara nyingi kwa sababu mimi na kalamu tuliachana darasa la nne, baba aliposema mbuzi hawajui kusoma na bado wanataka mtu. Lakini Mutuma, ambaye ndiye amebaki na jenereta yangu, anasema nikifa na haya mambo kichwani mtaanza tena kuchomwa na waya kama nilivyochomwa. Haya basi. Penye makosa rekebisheni, ninyi ndio mlisoma. Mambo ya vyeo hamtayapata hapa. Kwa hii kazi kuna mtu wa jenereta, na kuna giza.

Nilianza na gari la sinema. Lilikuwa likizunguka nchi yetu ya chini huko Mbeere, kwenye mtama na vumbi, likitangaza sabuni na majani ya chai, na katikati ya matangazo wanaonyesha filamu kwenye shuka nyeupe. Mwenye mashine alikuwa Mzee Nyaga, mtu wa Embu ya juu kwenye kahawa, aliyeongea kidogo kana kwamba maneno yanatozwa kodi. Siku ya kwanza nilidhani atanipa spana. Akaniambia nikae kando ya jenereta nisikilize. Nikakaa. Watu wakacheka, wakapiga kelele, filamu ikaisha, mimi nikiwa naangalia bomba la moshi.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Imenguruma tu."

"Basi hujasikia kitu. Kesho sikiliza na nyayo. Vua viatu."

Sikuwa na viatu vya kuvua, lakini nilielewa. Mashine inaongea na ardhi kabla haijaongea na masikio. Mafuta yakikaribia kuisha, ardhi inatetemeka kwa kurukaruka, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Plagi ikichoka, unasikia pengo, kama mtu anayesahau neno. Leo mna mashine zenye skrini zinazowaambia kila kitu. Sawa. Skrini ikifa mtafanya nini? Vueni viatu.

Kila soko tuliloenda kulikuwa na mzee mmoja ambaye filamu ikiisha alizunguka nyuma ya shuka kutafuta wale watu wameenda wapi. Sisi wa gari tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nyaga hakucheka hata siku moja. "Mwache," alisema. "Ameona mtu, sasa hamuoni. Hata wewe ungetafuta." Niliona ni maneno ya mzee aliyechoka, nikaendelea kucheka.

Nyaga akazeeka, gari likauzwa, mashine ikabaki na mimi. Nikaingia kwa harusi, mikutano ya injili na matanga. Kutoka Kiritiri mpaka Kangeta, hakuna uwanja ambao sijavuta kebo. Hapo ndipo nilijifunza yale ambayo hamtapata shuleni. Kebo haikunjwi kwa kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Inakunjwa mkononi, duara moja ndani, lingine nje, ndipo ikitupwa isijisokote. Kebo ya kupita uani iinue kwa vijiti vya panda, kwa sababu akina mama wanaobeba sufuria ya moto hawaangalii chini, na hawafai kuangalia chini. Mhubiri usimpe laini moja na friji ya soda. Friji ikivuta, sauti ya mhubiri inazama, na yeye atasema ni shetani. Mimi nimeitwa shetani Maua, nimeitwa shetani Runyenjes.

Mama watoto ndiye alikuwa akinikunjia kebo nikirudi nyumbani. Alisema nakunja kama mwanaume anayetoroka. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilifika kwa mfuko wa shati langu, na alikuwa mkali kuliko mfupi yeyote mnayemjua. Alikufa nikiwa tayari na mvi. Watoto wako mbali na wanapiga simu vizuri, siwezi kulalamika. Kazi ilinifaa sana wakati huo, maana jenereta ikinguruma huwezi kusikia nyumba yako ilivyonyamaza. Nilikuwa nachukua kila kazi. Watu walisema, "Mzee Njeru ana bidii." Wacha waseme.

Hapo ndipo Makena alinipata. Alikuwa msichana wa Meru mjini, amesomea mambo ya filamu, na alitaka kutengeneza yake mwenyewe bila kampuni yoyote nyuma yake. Alikuja nikifunga mitambo kwa harusi moja karibu na Nkubu, akanishika mkono kama mtu anayeomba binti, akaniita guka, yaani babu.

"Guka, nataka unishikie taa na umeme. Ni hadithi ya mama ambaye bwanake amekufa lakini hakubali. Kila jioni anamwona. Mwishowe anaanza kuamini majirani wamemficha, na anawafungia ndani ya nyumba mmoja mmoja."

"Na huyo bwana anarudi?"

"Guka, amekufa."

"Kuna jini?"

"Hakuna."

"Damu?"

"Kidogo tu."

"Sasa watu wataogopa nini?"

Akafikiri. "Sahani," akasema. "Kila siku anapakua sahani mbili."

Nilimwona amepotea. Lakini nilienda, kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu nilikuwa na sahani zangu nyumbani ambazo sikutaka kuzihesabu.

Tulifanyia kazi Kanyakine, huko huko Meru, kwa boma la mama mmoja aliyeitwa Mama Murithi. Nyumba ya mbao na mabati, jikoni kando, migomba nyuma, lango la chuma ambalo lilikuwa limeshika kutu kwa sababu halifunguliwi mara nyingi. Alikuwa anaishi peke yake. Makena alimlipa kwa nyumba, naye akahamia chumba cha nyuma, akawa anatutazama tukipangua viti vyake kama mtu anayetazama mvua.

Kazi ya kwanza Makena aliyonipa ilinikalisha chini. "Nataka mwangaza wa mtu ambaye hayuko," akasema. Angelikuwa mwingine ningemtukana. Lakini nilizunguka kile kiti mezani nikaelewa. Ukiangaza kiti, utaona kiti. Lakini ukiweka taa ndogo ipige mahali uso wa mtu aliyeketi ungekuwa, na kiti chenyewe ukiache gizani, macho yatajaza yaliyobaki. Nikafunga taa kwa stendi, nikatandaza shuka nyeupe kando iurudishe mwanga taratibu. Kiti kikawa na mtu. Mwigizaji wetu aliyekuwa mle ndani akarudi nyuma hatua.

Mama Murithi alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharagwe. Akatazama.

"Inua kidogo," akasema.

Nikainua.

"Tena kidogo. Hapo." Akaenda zake na maharagwe yake.

Nilidhani ni mama anayependa kuamrisha. Nimeishi na mmoja, nawajua. Ni Mutuma, kijana wetu wa sauti, aliyeniambia wakati wa chakula. Murithi alikuwa mtoto wake wa pekee, dereva wa gari za miraa kutoka Kangeta. Siku moja alipeleka mzigo, mvua ikanyesha, gari likapatikana mtoni. Yeye hakupatikana. Hakuna mwili, kwa hivyo hakukuwa na matanga, wala mazishi, wala mtu wa kusema hadithi hii imefika mwisho.

Sasa nije kwa shimo.

Mutuma alikuwa analia na jenereta yangu tangu siku ya kwanza. "Guka, hii mashine yako inaingia kwa maikrofoni kama mtu wa familia."

"Ni mtu wa familia."

"Basi mwambie atoke nje."

Mnajua dawa ya kelele ya jenereta ni ardhi. Unachimba shimo, unaishusha ndani, unafunika juu na mabati na blanketi mbili zenye maji, unaacha njia ya hewa na moshi. Upande mmoja unachonga mteremko ili uweze kuivuta nje. Nilichukua jembe na beleshi nikachimba nyuma ya jikoni kando ya migomba, pahali penye udongo mzuri mwekundu. Mimi nikichimba nachimba vizuri. Kingo zimenyooka, udongo umelundikwa upande mmoja. Ule mteremko nikauacha wa kesho, kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kuniita kwa jina.

Mama Murithi akatoka jikoni akasimama kando ya shimo. Alilitazama kuliko vile mtu hutazama shimo.

"Ni refu," akasema.

"Mashine ni ndefu," nikamjibu. "Ni la jenereta."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.

Asubuhi tulikuwa na kazi ngumu, ile sehemu mama wa filamu anaambiwa bwanake amekufa. Mwigizaji alikuwa amevaa nguo nyeusi akifanya mazoezi ya kulia, na alikuwa na sauti ya kwaya. Nje tulikuwa tumesimamisha hema la chakula na kupanga viti vya plastiki. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa sufuria kubwa. Magari ya wageni yako langoni. Na nyuma ya jikoni kuna shimo la urefu wa mtu.

Ninyi mmezaliwa huku. Niambieni, jirani akipita njia aone hayo yote, atasema ni filamu?

Wa kwanza alikuwa Mama Gatwiri, mwenye shamba la ng'ambo, na themosi ya chai na mfuko wa sukari. Nyuma yake akina mama wengine na kuni na maziwa. Halafu mzee wa kanisa na Biblia kwapani na kofia mkononi. Wakapita mbele ya kamera kana kwamba ni mti. Nilipogeuka, Mama Murithi alikuwa ameketi chini ya hema letu, kwa kiti chetu, amejifunga leso kichwani. Kila mmoja aliinama akamshika mkono.

"Pole, mama. Pole sana."

"Asante. Asante kwa kuja."

Mutuma akanivuta kando. "Guka, huyu cucu mwenye nyumba amechanganyikiwa. Ameona shimo akafikiri tumemletea Murithi."

"Ni skripti kabisa," mpiga kamera akasema, na tayari alikuwa anapangusa kioo. "Makena, tukipiga kutoka mbali hata hawatajua. Hakuna mwigizaji anaweza kukupa hiyo sura."

Makena aliangalia kamera, akaangalia yule mama. Niliona anaitaka ile picha. Sitawaambia ati hakuitaka. Tena tulikuwa tumebakisha siku chache tu kwa ile nyumba, na ukiwaambia watu waliobeba kuni kwamba wamekuja matanga ya uongo, watatufukuza, na Mama Murithi atabaki boma hilo akiitwa mwenda wazimu mpaka afe.

"Guka," akaniambia, "wewe ni wa rika lake. Nenda umwambie polepole."

Watu wakiogopa neno wanampa mzee alibebe. Nilienda. Nikangoja majirani wasogee kwa chai, nikaketi kiti cha kando.

"Mama Murithi, twende nikuonyeshe kitu huko nyuma."

"Nimekiona."

"Lile shimo…"

"Ni la jenereta." Hakunitazama. "Uliniambia jana. Masikio yangu ni mazima, Mzee Njeru. Ninyi watu wa filamu mnafikiri kila mwanamke aliyefiwa amepoteza akili."

Nikasogeza kiti karibu.

"Kwa nini hujawaambia?"

"Niwaambie nini? Hawa watu wamekosa vile wataniamkua tangu gari itolewe mtoni. Wakisema pole, wanaona ni kama wamemuua wao. Wakisema atarudi, wanajua ni uongo. Basi wakaona afadhali wapitie njia ile ya juu. Unamwona Mama Gatwiri? Tulikuwa tunachuma kahawa pamoja, mstari mmoja, tunacheka mpaka karani anatukemea. Leo ndiyo mara ya kwanza ameingia hilo lango." Akaushika ule mfuko wa sukari kwenye mapaja yake. "Mimi sikumwita mtu. Waliona shimo wakakuja wenyewe. Kumbe kilichokuwa kinakosekana hapa ni shimo."

"Lakini ni la mashine," nikasema tena.

"Basi nipe."

Nilirudi kwa Makena nikamwambia. Mutuma ndiye alishika kichwa kwanza. "Guka, tukilifukia, mashine itakaa wapi? Udongo mwingine wote hapa ni mizizi na mawe. Sauti itaharibika, filamu yote itakuwa na mngurumo!"

"Itakuwa nao," nikamwambia.

Makena alisimama hapo akitafuna kamba ya kadi yake ya shingoni. Alikuwa ameuza gari lake kwa sababu ya ile filamu, na mngurumo katika filamu ni kama nywele kwenye uji. Halafu akamgeukia mpiga kamera. "Funika kamera," akasema. "Nimesema ufunike."

Mama Murithi akasimama mwenyewe. Hakuinua sauti. "Murithi hakupatikana," akawaambia majirani. "Hapatikani. Hawa ni watu wa kazi yao, na lile shimo lilikuwa lao. Lakini shimo liko, na ninyi mko, na mimi nimechoka kungoja langoni."

Kikombe cha mtu kikagonga kiti. Mama Gatwiri akaanza kulia, si kwa sauti ya kwaya, kwa sauti mbaya ya pua. Wote wakamtazama yule mzee wa kanisa. Huku kwetu shimo likishachimbwa kama kaburi haliachwi wazi. Likikosa mtu, linapewa shina la mgomba. Kila mtu pale alijua hilo, na kila mtu alijua kanisa halipendi kusikia. Mzee akafungua Biblia, akaifunga, akavaa kofia, akaivua.

"Kanisa halijui mambo ya migomba," akasema mwishowe. "Lakini mimi nilizaliwa kabla sijaokoka. Leteni panga."

Nilikata mimi. Nilichagua mgomba uliokwisha zaa, nikaupunguza majani. Mama Murithi akaja na jaketi la dereva, lile zito la kusafiri, akasimama kando yangu nikipima.

"Ongeza," akasema. "Alikuwa mrefu."

Nikaongeza. Tukalivalisha shina jaketi, tukalishusha shimoni kwa kebo zangu mbili, zile nene, kwa sababu kamba hazikuwepo. Mzee akaomba. Vijana wa filamu walisimama kwa mstari na nguo nyeusi za kuazima, zile za filamu, na nitawaambia walifaa. Mwigizaji ndiye pekee hakulia. Alisema machozi yake alimaliza asubuhi kwa kazi. Mimi ndiye nilirudisha udongo, na lile beleshi sikumpa mtu.

Watu hupenda niwaambie ule mgomba ulichipuka. Haukuchipuka. Shina bila kitako halichipuki, hata mtoto anajua.

Siku zilizobaki jenereta ilikaa wazi kando ya barabara, nimeivalisha blanketi kama mgonjwa, na mngurumo ukaingia kwa kila kitu. Filamu ilipoonyeshwa kwa ukumbi mmoja Meru mjini nilienda na koti langu zuri. Mngurumo ulikuwepo, chini kabisa, mwanzo mpaka mwisho. Watu wakamuuliza Makena ile sauti ni ya nini, mbona inawaogofya. Alinitafuta kwa macho nyuma ya ukumbi akasema, "Ni ya ile nyumba." Mama Murithi hakuja. Nilikuwa nimempigia simu. "Hiyo mimi nimeiona," akaniambia, halafu akaniambia ningoje kidogo kwa sababu ana wageni.

Sehemu ya kiti ilipofika, kiti kilikuwa na mtu, mrefu. Na mimi, ambaye nimefunga ile taa kwa mikono yangu na najua ni balbu, stendi na shuka, nilijikuta nimenyoosha shingo kuona kama kuna mtu nyuma ya pazia. Nikamkumbuka Nyaga.

Baada ya hapo mgongo ukakataa, nikampa Mutuma mashine. Ushauri wangu kwenu wa kazi ni huu mmoja, mengine yote mtajifunza kwa kuchomwa. Kabla hujachimba shimo kwa boma la mtu, usiulize tu mabomba ya maji yanapita wapi. Uliza nani hayuko nyumbani.

Mimi niko hapa Mbeere. Juzi stima ilifika kwetu. Wakati nilikuwa na umeme wa kuangaza soko zima, nyumba yangu ilikuwa na taa ya mafuta. Ndivyo fundi huishi. Kijana aliyekuja kuniunganishia alitaka kuning'iniza balbu juu katikati ya chumba, kama kwa kila mtu. Nikamwambia hapana, ilete huku kwa meza, upande wa kiti kile cha mama watoto. Akaileta.

"Shusha," nikamwambia.

Akashusha.

"Tena."

"Mzee, ikishuka hapo itamgonga mtu kichwa."

"Haitamgonga. Shusha."

Akashusha, akaniangalia kutoka kwa ngazi. "Sasa unapimia nini, mzee?"

"Wewe shusha tu," nikamwambia. "Nitakuambia ikifika."